Siku Nilipomsemea Baba Kwenye Klabu ya Jazi

Harufu ya limau kwenye shaba hunikata maini hadi leo. Baba alisugua tarumbeta yake kwa limau na majivu, kama alivyozoea kwetu Uvira, Kongo, na mama alinung'unika kwamba malimau ya chai yanaishia kwenye chuma. Hapa Buffalo, Marekani, kanisa letu lilikuwa na kinanda cha umeme. Tarumbeta, walisema, inaumiza masikio. Basi mchana kutwa baba alipanga maboksi ghalani, na akirudi alijifungia chooni kupuliza, soksi kaichomeka mdomoni mwa tarumbeta ili majirani wasilalamike.

Jumamosi moja mchana akanichukua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kama watoto wengi wa mtaa wetu wa West Side, mimi ndiye niliyeisemea nyumba yetu kwa Kiingereza: kliniki, shuleni, kwa mwenye nyumba. Tukaingia klabu kongwe ya jazi, chumba chembamba chini ya ngazi, ukutani picha za wapigaji waliokwisha kufa, meza zimebanana hadi magoti yanagusana. Nikaona chupa za pombe, nikaogopa. Kanisani kwetu aliyeonekana baa aliondolewa kwenye Meza ya Bwana, akakalishwa benchi la nyuma, na watoto wake tuliwacheka bila huruma.

Baba akapuliza wimbo wa kwaya. Mwenye klabu, mzee Mmarekani mweusi, akakaa kwenye piano akamfuata polepole, wakapatana kama watu waliokua pamoja. Walipomaliza, mzee alifuta macho. Akaniomba nimwambie baba arudi kila Jumamosi, nafasi yake ipo.

"Anasema aje?" baba akauliza.

"Anasema hakuna nafasi, papa."

Akaifunga tarumbeta kwenye kitenge. "Bon, haina shida. Umwambie aksanti."

Nikamwambia. Mzee akatabasamu, akidhani tumekubaliana.

Msinihukumu haraka, nilijiona nimemwokoa na benchi la nyuma. Baba hakupuliza tena, hata chooni. Ghala likamla mgongo, klabu nayo ikafungwa. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba pale, kwa dakika zile chache, baba hakuhitaji mtu wa kumsemea. Nilipanga kumwambia ukweli, nikaahirisha mwaka hadi mwaka, mpaka tukamzika.

Wageni walipokuja, hadi miezi yake ya mwisho, aliwasimulia habari ile kwa fahari, mkono wake begani mwangu: "Kule habakunitaka. Lakini mutoto wangu alinisemea muzuri."