Mji Usio na Mgonjwa

Jana muuguzi alipompaka mwanangu spiriti begani kabla ya kumchoma sindano, harufu ile ilinirudisha nyumbani kwetu Ndagoni, kando ya kitanda cha kamba cha dada yangu. Mama, mtu wa bara aliyeletwa kisiwani na kazi ya uuguzi, alikuwa akirudi jioni na harufu hiyohiyo viganjani.

Dada alikuwa na selimundu. Mifupa ilipomuuma sana hakuwa akilia. Alinisimulia hadithi ya mji alioubuni mwenyewe, nami nikimkanda miguu kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto.

"Huko hakuna mtu anayeugua," alisema. "Hata dawa hawaijui."

"Mama naye yupo?"

"Yupo."

"Atakujaje, dada? Si aliletwa na wagonjwa? Asipokuja hatakutana na baba, na sisi hatutazaliwa."

Dada alifumba macho. Uani kuku walikuwa wakichakura makumbi. Nilidhani maumivu yamezidi, nikaacha kumkanda.

"Endelea tu," aliniambia. "Basi tuweke mgonjwa mmoja, ili mama aitwe."

"Nani?"

"Mimi. Mie nimeshazoea."

Nilifurahi kwamba mji wetu umetengemaa, nikamuuliza nyumba yetu iko wapi. Akanielekeza taratibu, mpaka mlangoni.

Masika ileile tulimzika. Ilipopita arobaini, mama alivaa sare yake, akarudi kazini.