Afisa Utumishi Alipompigia Mzee Rajabu

Hii aibu nimeikalia muda mrefu, hata dada ninayekaa naye pale Kikuyu, hapa Dodoma, hajui, ila leo naisema yote, na mkicheka chekeni taratibu maana mwenzenu bado naona haya.

Nilikuwa karani wa ghala kwenye mashine ya kukamua alizeti ya Mzee Rajabu, Kondoa, miaka minne, naandika magunia yanayoingia na madumu ya mafuta yanayotoka, na yule mzee na mkewe Mama Salma walinilea kama mtoto wao (mimi Mgogo wa Bahi, Mkristo, lakini sikukuu zao zote nilikula kwao). Sasa nilipotaka kuja Dodoma mjini kutafuta kazi nyingine, mdomo ukawa mzito. Nikaishia kusema, "Mzee, nyumbani wananiita." Mzee akasema alhamdulillahi, Mama Salma akapiga vigelegele. Nikaona vigelegele vimezidi kidogo kwa mtu anayekwenda kwao tu, lakini basi lilikuwa linapiga honi, nikapanda.

Miezi minane baadaye nikafaulu usaili kwenye kampuni moja ya mbegu. Wakasema Jumatatu ijayo nitasaini mkataba, kwanza watampigia mwajiri wangu wa zamani kuhakiki taarifa. Nikapaswa kumweleza Mzee. Nikaona aibu, nikatuma meseji: "Shikamoo mzee. Kuna watu watakupigia kuniulizia. Naomba unisemee vizuri." Akajibu, "Usijali mwanangu, niachie mimi." Nikalala usingizi mnono.

Alhamisi nikaitwa ofisini. Afisa utumishi, kaka mmoja mpole aitwaye Gasper, amekaa na kina mama wawili wa ofisi, CV yangu mezani imejaa alama nyekundu.

"Dada Yunis, una miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Tumeambiwa ishirini na miwili."

Nikacheka. Hakuna aliyecheka nami.

"Hapa umeandika karani wa ghala, miaka minne. Mwajiri wako anasema hujawahi kufanya kazi pale hata siku moja, ulikuwa unakaa ndani na mkewe, binti mtulivu, hutoki ovyo."

Jamani! Mzee anaumwa? Au kuna gunia limepotea baada ya mimi kuondoka, sasa wananikana? Au wamekosea namba, wamempigia Mzee Rajabu mwingine mwenye Yunis wake?

"Na anasema unapika pilau vizuri sana," Gasper akaendelea kusoma. "Hilo nalo ni kweli?"

"Hilo ni kweli," nikajibu (sijui kwa nini nilitetea pilau kwanza). Mama mmoja akaandika.

Gasper akaniambia kwa upole kwamba taarifa zisipolingana kazi sina. Nikamkumbuka mama yangu, ameshanitolea shukrani kanisani kwa hiyo hiyo kazi, nikapandwa na jazba, nikasema subirini, nampigia sasa hivi mbele yenu, msikie wenyewe. Nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu! Vipi, wamekupenda?"

"Mzee, niko nao hapa..."

"Uko nao! Mama Salma, njoo, yuko na wakwe!"

Vigelegele vikajaa ofisi nzima, mlango uko wazi, watu wa mapokezi wakaja kuchungulia. "Na yule kijana aliyenipigia yupo? Anaongea kwa adabu, nimempenda. Umri nimekupunguzia kidogo, usije ukaniumbua!" Masikini Gasper akaficha chini ya meza mkono wenye pete ya ndoa, kama vile yeye ndiye mwenye kosa. Wale kina mama walicheka mpaka machozi. Hapo ndipo nilipoelewa vigelegele vya siku ile, nikatamani ardhi ipasuke.

"Mzee, hawa si wakwe. Ni watu wa kazini. Niliondoka kuja kutafuta kazi."

Vigelegele vikakatika.

"Kwa hiyo mchumba hakuwepo?"

"Hakuwepo, mzee."

"Na kwetu ulikosa nini?"

Kina mama wakaacha kucheka, wakawa wanaangalia meza. Mzee akasema, "Mwambie huyo kijana umefanya kazi miaka minne na daftari lako halijawahi kukosewa." Akakata simu.

Gasper akakohoa, akasema nilete barua ya mwajiri yenye muhuri, ioneshe tarehe, cheo na sababu ya kuondoka. Jumamosi nikapanda basi kwenda Kondoa. Nilimwamkia Mzee mashineni, akaitikia "marahaba", bila "mwanangu". Niliomba radhi mpaka maneno yakaisha. Akaandika barua kwa mkono wake, akagonga muhuri, akaikunja, akanipa. Mama Salma alinifungia chakula cha njiani na hakuniuliza kitu.

Niliifungua ndani ya basi. Tarehe sawasawa, umri sawasawa, sifa zimejaa mpaka nikalia, jirani yangu kwenye kiti akadhani nimefiwa. Chini kabisa ameandika: "Sababu ya kuondoka: hakuniambia."

Jumatatu Gasper aliisoma yote, akanitazama, akaitia kwenye faili langu, nikasaini. Imo humo mpaka leo. Nami nimeapa, siku nikitaka kuondoka tena mahali, nitakaa chini nimwambie mwenye mahali kwa mdomo wangu, hata kama nitalia katikati.