Pikapu Yenye Misa

Nikisikia injini inayokatakata, tuku-tuku, kimya, tuku, halafu pwaa! kwenye bomba la moshi, nacheka peke yangu hata nikiwa barabarani mbele za watu. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa kengele ya Jumapili nyumbani kwetu Msamala. Majirani wakisikia pwaa ya kwanza walijua familia yetu inakwenda kanisani, na waliochelewa wakaanza kugombana na watoto wao kuhusu viatu. Ilikuwa pikapu ya babu, ya bluu, kuukuu, mlango wake mmoja unafunguka kwa nje tu, na ndani inanuka petroli na tumbaku aliyokuwa akiibeba kutoka Namtumbo miaka yote ya nguvu zake. Babu alipofariki ikabaki kwa baba. Sisi watoto tulipanda nyuma, tumejikunyata kwa baridi ya Songea ya mwezi wa saba, na bibi alikaa mbele na rozari yake. Tukifika kwenye kilima kabla ya kanisa, injini inazidisha vituko, na bibi anaongeza sauti ya kusali.

Mwaka ule vituko havikuwa vya kuchekesha. Shangazi Yustina, kitinda mimba wa babu, alikuwa anaolewa, na tangu akiwa mdogo babu alimwahidi kwamba atampeleka kanisani kwa pikapu ile, yeye mwenyewe kwenye usukani. Upande wa bwana harusi, watu wa Tunduru wenye uwezo wao, wakajitolea gari dogo jeupe linalong'aa. Baba akalidaka haraka, maana alishaona picha ya bibi harusi amesimama kilimani na shela huku wapambe wanasukuma. Shangazi akagoma. "Baba hayupo, nimekubali. Gari lake lipo. Nitakwenda nalo, la sivyo natembea kwa miguu na shela langu lifagie barabara!" Shangazi yangu hakuwa na mzaha kwa maneno kama hayo. Mwishowe baba akakata shauri: pikapu ipone kabla ya Jumamosi ya harusi, isipopona ni gari jeupe. Nilikuwa nampenda yule shangazi kupita kiasi, na wazo la yeye kupanda gari la watu huku analia lilinikosesha hamu ya kula.

Fundi wetu alikuwa Rajabu, Myao wa Nakapanya, mwenye gereji ya bati nyuma ya nyumba yetu. Kila Jumatatu baba alimpelekea gari, na kila Jumatatu gari liliunguruma vizuri mpaka likamtia baba aibu. Rajabu alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akatikisa nyaya zote, wakazunguka nalo mtaa mzima. "Mzee, gari zima hili." Jumapili ikifika, pwaa! Baba akaanza kumshuku fundi, na fundi, bila kusema, akaanza kumshuku baba. Jumatatu ya wiki ya harusi bibi akasema wanaume wamezidi kuzunguka, akajifunga kanga akamfuata baba gereji, nami nyuma yake.

"Shikamoo, mama," Rajabu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Gari letu linaumwa nini?"

"Kwa anavyoeleza mzee, hii gari ina misi."

Mafundi husema hivyo injini inaporuka, moto usipowaka kwenye plagi mojawapo. Bibi hakuyajua hayo. Akapiga makofi. "Eh! Wewe Mwislamu umejuaje? Ina misa, ndiyo! Siku nyingine zote imenyamaza, siku ya misa tu ndiyo inaanza fujo. Na ikishafika kanisani ikapata baraka, kurudi inatulia tuli!" Baba akainamisha kichwa kwa haya. Rajabu alicheka mpaka akashika ukuta, halafu kicheko kikakatika ghafla. "Ngoja kwanza. Jumapili tu? Na kurudi haina?" Akamgeukia baba. "Mzee, Jumapili asubuhi mnaifanyia nini hii gari?" Baba akajibu kwa fahari kwamba anaiosha. Kwa mkono wake, alfajiri, ndoo kwa ndoo, mpaka ndani ya boneti, kwa sababu haiwezekani kwenda mbele ya Mungu na injini chafu. Rajabu aliwasha gari, likaunguruma vizuri, akachota maji kwenye kopo akanyunyizia kifuniko cha distributa, kile kinachogawa moto kwenda kwenye plagi. Tuku-tuku, kimya, tuku, pwaa! Tukashangilia kwa vigelegele, gereji nzima, gari linaharibika mbele yetu! Kifuniko kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele; kikilowa, moto unapotea, injini ikipata joto kinakauka.

Kifuniko kipya hakikupatikana mjini, kikaagizwa. Mpaka kije, Rajabu akatoa amri moja: maji yasiisogelee. Baba akabembeleza aoshe milango tu. "Wewe ukishika ndoo huachi," bibi akasema, na asubuhi ya harusi akaweka kiti chake mbele ya bomba la maji. Baba alikuwa ametoka kuwachukua ndugu wa kijijini, na pikapu ilirudi nyekundu tupu, vumbi mpaka kwenye vioo. Shangazi akatoka ndani kwa shela jeupe, akaliangalia gari, akaliendea. Akaweka kiganja juu ya boneti, glavu nyeupe ikatoka na alama nyekundu ya vumbi. Wapambe wakapiga kelele, mmoja akataka kuivua. "Iacheni," shangazi akasema, macho yamejaa machozi na mdomo unacheka. "Baba kanipa mkono." Kilima tulikipanda bila hata kikohozi kimoja.

Siku hizi gari likisumbua, fundi anachomeka kompyuta na jibu linakuja kabla sijamaliza kusalimia. Sina ugomvi na hilo, nachelewa kazini kama watu wote. Nami nilipoolewa nilipelekwa kanisani kwa gari la kukodi, jeupe, limeoshwa mpaka matairi, baridi ndani kama friji. Liliwaka mara moja na halikukohoa njia nzima. Lilikuwa la nani, mpaka leo sijui.