Kibao Nilichokirudisha Kinyume

Mwanangu, asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya mamba wa Kabuta, hapa kando ya Ziwa Mweru. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kaka yangu Ilunga, tuliyemzika majuzi, alikuwa na bunduki yenye kibali: bunduki kuukuu ya vita, iliyopunguzwa mbao na kubadilishwa mtutu ili itumie risasi za kuwindia. Yeye alipiga, mimi niliitunza.

Siku iliyotangulia niliisafisha. Nilifungua tumbo lake, pale risasi zinapopangwa, nikatoa springi na kile kibao cha chuma kinachozipandisha. Wakati wa kukirudisha sikuwa na hakika upande wa mbele ni upi. Yaya, ndivyo nilivyomwita kaka yangu, alikuwa amekaa hatua kumi tu, anachonga kasia. Ningeweza kumuuliza. Lakini nilitaka nionekane fundi, nikafunga. Wazee husema kuuliza si ujinga. Siku ile nilidhani maneno hayo ni ya watoto.

Mamba yule alikuwa amemjeruhi mama mmoja mkono akiosha samaki. Yaya akaingia majini mpaka mapajani, kando ya matete, mimi nyuma yake. Alipiga, ikampata, lakini mamba hakufa, alizama. Yaya akavuta komeo la bunduki, akalisukuma. Likakwama. Risasi ya pili ilikuwa imeinamisha pua, inagonga ukingo wa chumba cha risasi, nyuma ya mtutu, badala ya kuingia.

"Kalenga, kamata, tengeneza," akanipa bila kugeuka. "Miye naangalia mayi."

Nilijua kosa ni la nani. Nikaitoa risasi ile, nikatumbukiza nyingine chumbani kwa vidole, nikasukuma komeo. Likagoma karibu na mwisho. Nikalipiga kwa kiganja. Maji yalikuwa yametulia kabisa, na hakuna aliyejua mamba yuko wapi. Nikachomoa panga kiunoni nianze kulipiga kwa mpini.

"Weye mutoto, acha." Alikuwa Tata Mutombo, mzee fundi wa baiskeli na bunduki, amesimama ufukweni. Hakupaza sauti. "Angalia kwanza mudomo ya bunduki inaangalia wapi."

Ulikuwa unaangalia mgongo wa kaka yangu.

Tulitoka kinyumenyume, hatua kwa hatua, kila unyasi ulionigusa mguu nikiudhani meno. Tulifika wazima. Akina mama wa samaki, hofu ilipowatoka, wakaanza:

"Ilunga, bunduki yako haikule?"

"Iko Mukristo, mama. Leo inafunga."

Yaya alicheka nao.

Tata Mutombo akaelekeza mtutu kwenye kichuguu, akaitoa risasi, akaipeleka bunduki kwenye kibanda chake, mimi nyuma yake, yaya akabaki na akina mama. Akachukua risasi tupu isiyo na baruti, akaipaka masizi ya koroboi, akaitia chumbani kwa mkono kama nilivyofanya, akasukuma komeo taratibu mpaka lilipokataa. Alipoitoa, masizi yalikuwa yamekwaruzwa kwenye kitako tu.

"Ona. Chumba haina shida. Ni hii kucha ya komeo inagonga. Bunduki ya namna hii inakula toka tumboni. Risasi ikipanda, kucha inashika kitako yake polepole. Weye umeisukuma mu kinywa, kucha itaishika namna gani?"

Kisha akafungua tumbo. Akakitoa kile kibao, akakitazama pande zote mbili.

"Nani alifungua hapa?"

"Ni miye, tata."

"Ilunga anajua?"

"Hapana."

Akakigeuza kibao, akapitisha risasi tupu mara tano. Zikapanda zote bila kusita. "Ya bunduki nimetengeneza," akasema. "Ile ingine utatengeneza weye. Mbele ya jua kushuka."

Jua lilishuka, mwanangu. Sikusema, na Tata Mutombo hakunisemea. Kesho yake ikawa ngumu zaidi, na baada ya mwezi ikawa kama haiwezekani. Yaya aliamini bunduki imemsaliti, kwamba aliyeibadilisha mtutu aliiharibu. Hakuiamini tena. Aliirudisha polisi, akashika nyavu. Watu walimwita Ilunga wa Mfungo mpaka nywele zikawa nyeupe, naye alicheka kila mara. Mimi nilitazama chini.

Masika haya pumzi ilimpungukia. Nilikaa naye siku nne kwenye zahanati ya Kafutuma, neno lile likiwa mdomoni kama punje ya mchanga. Siku ya nne akaniuliza mwenyewe, "Kalenga, ile bunduki, ilikuwa na nini kweli?"

Nikamjibu, "Ilikuwa ya zamani tu, yaya."

Akafumba macho. Hakuniuliza tena, na sasa hawezi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wazee. Hawakusema kwamba mara nyingine kifo ni cha mwingine. Kwa hiyo sikia. Chombo kikigoma, usikitie nguvu. Geuza mdomo wake mahali pasipo na mtu, toa kilichomo, kisha ukague kazi ya mkono wako wa jana kabla ya kumlaumu aliyekitengeneza. Na ukikuta kosa ni lako, likiri siku hiyohiyo, yule uliyemkosea akiwa bado anaweza kukukasirikia. Hasira yake ni zawadi. Mimi nimeikosa.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na watu wa kuwauliza. Uingie Mweru mzima, utoke mzima, na siku utakapomzika umpendaye, usiwe na neno lake mdomoni mwako.