Siku Niliyombebea Mume Wangu Sukari Yake

Mume wangu ni seremala, na kwa miaka kadhaa sasa anajichoma sindano ya insulini asubuhi na jioni. Mimi ni fundi cherehani. Tunaishi Musoma, na kibanda changu cha kushonea kinatazamana na karakana yake, kwa hiyo siku nzima namwona akiranda mbao. Kusema kweli simwoni tu, namlinda. Akiinama muda mrefu, nasimamisha cherehani. Akikaa chini naita, "Baba Watoto, vipi?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Nimekaa."

Nesi wa kliniki ndiye aliyemwambia afanye mazoezi. Nilidhani atatembea ufukweni jioni kama wazee wengine. Yeye akaja na baiskeli mbili za mtumba, zile za milimani, zenye gia na matairi mapana yenye meno. Akazifungua zote sakafuni, akazisafisha kwa mafuta ya taa, akazifunga upya. Moja yake, moja yangu. Nilikuwa na miaka arobaini na minne na sikuwahi kuendesha baiskeli. Nilijifunza kwenye uwanja wa shule siku za Jumapili, nimevaa suruali chini ya dera, na kila nilipoanguka nilijiambia kwamba nisipojifunza ataenda peke yake.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kwanza Bweri na kurudi. Halafu Makutano. Halafu yeye akataka safari ya siku mbili: siku ya kwanza Butiama, tulale huko, asubuhi tuone makumbusho na kaburi la rais wa kwanza, kisha tukate vilima kwa njia za vumbi mpaka Kiabakari, tuingie lami hadi Bunda kwa dada yake. Wifi yangu akafurahi, akasema atapika samaki. Mimi wiki nzima sikulala vizuri.

Siku ya kwanza ilienda salama. Siku ya pili ilianza vibaya kwa jambo dogo. Alijichoma sindano yake saa moja, tukakaa mezani pale nyumba ya wageni kusubiri chapati, na chapati zikachelewa. Zilipokuja, yeye alikuwa ameshasimama. Alikula nusu, akanywa chai kidogo, akasema tuwahi kabla jua halijawa kali.

"Malizia," nikamwambia.

"Nimeshiba."

"Umeshibaje kwa nusu chapati na sindano umeshachoma?"

Mama aliyetuhudumia alikuwa amesimama na birika, akageuza uso pembeni. Mume wangu akachukua kofia, akatoka.

Makumbusho nimeyaona, lakini mtu akiniuliza kuna nini ndani nitababaika. Nakumbuka picha ukutani, nakumbuka baridi ya sakafu. Pale kaburini watu walisimama kimya, wengine wameinamisha vichwa, na mume wangu, anayempenda sana mzee yule tangu utotoni, alifuta macho kwa kiganja. Mimi nilikuwa nahesabu saa. Sindano saa moja, sasa ni saa nne kasoro, nusu chapati. Nilimtazama vidole kama vinatetemeka. Havikutetemeka.

Tulipochukua baiskeli zetu akanyoosha mkono. "Hebu nipe hiyo glukosi nikae nayo mwenyewe."

Pakiti ya glukosi ilikuwa kwenye mkoba wangu wa mgongoni, pamoja na ndizi mbivu na biskuti. Mimi ndiye niliyebeba kila kitu.

"Utaisahau mahali," nikasema. "Acha nikubebee mimi."

Aliniangalia kidogo, kisha akarudisha mkono kwenye usukani. Na tangu hapo akawa anaendesha mbele.

Nchi ile ni vilima na mawe. Njia inapanda katikati ya mashamba ya mihogo na mtama, inazunguka majabali makubwa yaliyopandana, kisha inashuka ghafla kwenye kijito, halafu inapanda tena. Pembeni kuna mistari ya mikatani iliyopandwa kuwa uzio. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo mwekundu ulishika matairi. Kwenye mipando alinisubiri mara mbili, mguu mmoja chini, akiangalia mbali. Mara ya tatu hakunisubiri. Nilimwona akifika juu, shati lake la bluu likakaa pale kwa muda mfupi, kisha likazama upande wa pili.

Nilipofika juu nikabadilisha gia kwa haraka na cheni ikachomoka. Nilishuka, nikageuza baiskeli matairi juu kama alivyonifundisha. Mikono ilikuwa inateleza kwa jasho, cheni inaingia meno mawili inatoka. Labda zilipita dakika kumi. Labda zaidi. Nilipoteremka ule mlima hakukuwa na mtu chini, na njia ilikuwa imegawanyika.

Mkono wa kushoto ilipita katikati ya mihogo. Mkono wa kulia ilizunguka kilima cha mawe. Zote mbili zilikuwa na alama za baiskeli, juu yake kwato za ng'ombe. Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena, kana kwamba yule dada wa kwenye simu angeweza kubadili maneno yake.

Nilikwenda kulia kwa sababu njia ilikuwa pana. Niliendesha huku naita. Kwanza niliona aibu, niliita kwa sauti ndogo, kisha aibu ikaisha. Nilikumbuka pia kwamba upande wa Kiabakari zamani kulikuwa na mgodi wa dhahabu, na kwamba watu bado huchimba vishimo huku na huko, na kichwa changu kikaanza kunionyesha kila shimo na mtu aliye ndani yake. Nilizunguka kile kilima chote. Upande wa pili njia iliishia kwenye zizi tupu. Nikarudi.

Tayari ilikuwa saa sita. Mkoba ulinipiga mgongoni kila tairi lilipogonga jiwe, na ndani yake kila kitu ambacho angekihitaji.

Njia ya kushoto nilikuta mwanamke amepiga magoti juu ya jabali pana, anaanika mihogo iliyomenywa. Nilimsalimia mbiombio.

"Mama, umemwona mwanaume na baiskeli kama hii? Amevaa shati la bluu."

Akanyoosha mgongo. "Yule mlevi?"

Nilishika usukani kwa nguvu.

"Amepita hapa anasukuma baiskeli, anayumba," akaendelea. "Nimemsalimia, ananiangalia tu kama hanioni. Nikasema, hawa wanaokunywaga asubuhi! Ni wa kwako?"

Mume wangu ni Mwislamu aliyelelewa na Waislamu, na pombe hajawahi kuionja. Lakini nilishawahi kumwona akiwa hivyo mara moja, nyumbani, amesimama jikoni anajaribu kufungua mlango wa kabati kwa kijiko. Sukari ikishuka, mtu hawezi kujisemea. Anakutazama na hayupo.

"Amekwenda wapi?"

Akaonyesha kwa kisu. "Huko kwenye katani. Muda kidogo umepita."

Sijui niliendeshaje. Nakumbuka nilianguka mara moja na sikusikia maumivu mpaka jioni. Baiskeli yake niliiona kabla ya kitu kingine chochote, imelala chini ya mikatani, tairi la mbele limekaa juu. Yeye hakuwepo. Chupa yake ya maji ilikuwa pale na kofia yake ilikuwa pale. Nilichungulia nyuma ya mikatani, nikachungulia mtaroni, na nilikuwa nasema kwa sauti, "Ya Rabi, nilimnyima. Aliniomba nikamnyima." Ndilo jambo pekee lililokuwa akilini. Watoto wetu wakubwa wawili sikuwafikiria, wala wifi yangu na samaki wake. Ule mkono tu, alivyounyoosha.

Ndipo nikasikia sauti ya mtu mzima anayegombeza, kama anagombeza mtoto mgonjwa. "Meza. Tena. Meza."

Ng'ambo ya mikatani palikuwa na mji wa watu, nyumba mbili na kibanda cha kupikia. Kivulini mume wangu alikuwa ameketi juu ya kigoda, shati limelowa chapa, kichwa kimeegemea ukuta. Bibi mmoja mwembamba alikuwa amemshika kidevu, anamlambisha asali kwa kidole chake mwenyewe.

Nilitupa mkoba chini nikatoa kila kitu mara moja. Nilikoroga glukosi kwenye kikombe cha bibi, mikono ikimwaga nusu. Alikunywa. Bibi alisogea kidogo tu, hakumwachia kidevu. Tulikaa hivyo, sisi wawili tukimtazama usoni. Jasho likaacha kutiririka. Rangi ya midomo ikarudi. Akafumba macho, akayafumbua, na safari hii akaniona.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza.

Nililia. Nilimwambia maneno mengi ambayo siyakumbuki, kwamba ananiua, kwamba anakimbia kama kijana, kwamba nusu chapati. Bibi akaniwekea mkono begani. Kiswahili chake kilikuwa kizito, kimechanganyika na Kizanaki.

"Mama, mwache kwanza apumue. Utamgombeza nyumbani."

Nikamwamkia, maana nilikuwa hata sijamwamkia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimuuliza alijuaje. Akasema alimkuta ameanguka kwenye katani, na jirani mmoja aliyekuwa anapita alimwambia amwache, ni mlevi, ataamka.

"Mimi nikamnusa mdomo," akasema. "Hakunuka kitu. Dada yangu alikuwaga hivihivi, alikuwa na sukari. Alikufa njiani anatoka sokoni, watu wanampita, wanacheka." Akaangalia pembeni. "Sukari sina ndani. Nina hii asali ya dawa ya kifua."

Mume wangu alikula ndizi mbili, biskuti zote, na viazi vitamu vya bibi. Tulipumzika kwake mpaka saa nane. Bibi alipokwenda kuchota maji nilimuuliza mume wangu, sasa kwa upole, kwa nini hakunisubiri kule juu.

"Nilitaka nusu saa," akasema. "Nusu saa tu ya kutotazamwa."

"Kutotazamwa na mimi."

"Na wewe. Karakanani unanitazama, kitandani unanisikiliza nikipumua. Mbele ya yule mama wa chapati ukanifanya mtoto." Alizungumza bila hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Halafu nikaona muda umepita hujafika. Nikaogopa umeanguka. Nikarudi kukutafuta, nadhani nilishika njia nyingine. Nilipoanza kuona giza nilikuwa bado nakutafuta wewe."

Niligawa kile kilichobaki cha glukosi mara mbili, nusu nikafunga kwenye karatasi ya nailoni, nikampa. Aliitia mfuko wa shati akafunga kifungo.

Bibi hakukubali tuendeshe. Alimwita mwenye pikapu aliyekuwa anapeleka mihogo mikavu Bunda, baiskeli zikapandishwa juu ya magunia, sisi tukakaa mbele. Zahanati ya Bunda walimpima, wakasema sukari imekaa sawa, wakatukaripia wote wawili. Wifi yangu aliona goti langu kabla sijaliona mwenyewe. Suruali ilikuwa imegandamana na damu.

Tumerudi kwa yule bibi mara mbili tangu siku hiyo, mara zote kwa baiskeli. Mara ya kwanza alimkazia mume wangu macho kwa muda, akasema hakujua kama ni mtu mrefu hivyo.

Natamani ningeweza kuandika kwamba hofu imeisha. Haijaisha. Leo asubuhi ametoka peke yake, kasema anaenda Makutano na kurudi. Sikumuuliza amebeba nini. Nilikaza midomo mpaka alipopinda kona, kisha nikakaa kwenye cherehani na kushona ukosi wa shati la mteja. Nimeufumua mara tatu. Saa hii ni saa nne na nusu, bado hajarudi, na simu iko mezani mbele yangu, na sijampigia.