Nilishika Pindo la Kitenge Chake, Kisha Nikasema Sikuona

Jina langu lificheni, na la kijiji pia, ingawa wa huku Kyela wakisoma watanijua kwa ukali wangu. Mimi ni bibi wa miaka sitini na minane, mjane, nakaa peke yangu katika nyumba ya vyumba vinne. Niliishia darasa la pili. Mkikuta mwandiko umepinda, unyosheni wenyewe. Na ninyi mnaosoma ukurasa huu ili mpate la kucheka, chekeni mapema mmalize, halafu mnisikilize.

Nina mkwe, mke wa mwanangu wa pekee. Ni nesi wa zahanati yetu, mtumishi wa halmashauri. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani. Hamtazami usoni, hapiti alipokaa, jina lake halitaji. Mimi nilifanya hivyo kwa baba mkwe wangu mpaka tukamzika, na huyu binti naye alifanya. Miaka kumi na miwili uani kwangu, akisikia mzee anakohoa anajificha nyuma ya migomba na ndoo yake ya maji kichwani. Sikuwa na la kumlaumu, na nilitafuta.

Mvua zile zilipouachisha mto njia yake, maji yaliingia asubuhi watu wakiwa kwenye mpunga. Mwanangu alikuwa ng'ambo, Malawi, na sabuni zake, maana tangu biashara zifunguliwe kila kijana ni mfanyabiashara. Mzee wangu alikuwa kitandani, miguu imekufa ganzi tangu mwaka uliotangulia. Nesi alikwisha kuwapeleka wagonjwa wake shuleni, kule juu, akarudi kwetu gauni jeupe limekuwa tope tupu.

"Mama, maji yamefika kitandani. Tumtoe baba."

"Umguse wewe? Simama hapo hapo! Waje wanaume."

"Wanaume wapi, mama? Kila mmoja anaokoa wake."

"Basi afe na heshima yake!"

Ndiyo, nilisema hivyo. Mume wangu anasikia.

Binti akageuza uso ukutani, akarudi kinyumenyume mpaka kitandani, akambeba mgongoni, akamfunga kwa kitenge kama mtoto. Mzee alivuta blanketi akajifunika kichwa, asione shingo ya mkwewe. Wakatoka hivyo, mmoja kafunikwa, mmoja kainamisha macho. Maji yalikuwa kiunoni na yanavuta. Nami nilishika pindo la kitenge kile kile nisichukuliwe, huku namtukana njia nzima. Nilimwita mchawi. Nilimwita mwanamke asiye na kwao. Hakuniambia niachie.

Siku zote tulizolala darasani alichemsha maji ya watu wote, akawaosha waliotapika, akamzalisha mama mmoja nyuma ya ubao. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wanawake alivyonivunjia mwiko nyumbani. Maji yalipokauka hakurudi kwangu. Alihamia nyumba ya watumishi pale zahanati, na wajukuu. Mwanangu aliporudi alisimama mlangoni, hakukaa. Akasema, "Mama, huyo uliyemtukana ndiye aliyekuokolea mume." Akamfuata mkewe.

Sasa nasema nisilowahi kumwambia mtu. Mzee aliishi mpaka mavuno, halafu homa ikamshika. Kabla hajafa aliniita. "Mwite mwanangu yule," akasema. Nikajifanya sielewi. "Yupi? Mwana wako amekwenda mpakani." Akasema, "Aliyenibeba. Aje nimfungulie mwiko kwa mdomo wangu. Nikitangulia, mwambie ndaga." Ndaga kwetu ni asante. Neno hilo moja tu. Kutoka kwangu hadi zahanati ni mwendo wa kuivisha ndizi. Sikwenda. Nilimwambia mzee nimemwita, amekataa kuja. Akageukia ukuta. Siku ya tatu alikufa. Mazishini binti alisimama mbali, nyuma ya watu, bado anaogopa kulikaribia hata jeneza, na mimi mbele ya waombolezaji nikalia kwa sauti kwamba mguso wake ndio uliomuua.

Juma lililopita kaja mtendaji wa kata, kijana mpole, mgeni wa kutoka Singida.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama ni kodi, mwenye nyumba kafa."

Akacheka. "Si kodi. Wilaya inataka kuwapa hati za pongezi watumishi waliojitoa wakati wa mafuriko. Kata nzima inamtaja nesi. Ila wazee wanasema mvunja mwiko asipewe heshima hadharani, na kwamba mzee alikufa na kinyongo naye. Wewe ulikuwepo. Ukisema neno, watanyamaza."

"Andika sikuona. Nilikuwa na maji machoni."

Akanitazama sana. Akasema, "Karatasi inakwenda wilayani Jumatatu, bibi. Nitapita tena."

Tangu hapo sina raha. Napika ndizi za watu wawili, nakula nusu, nusu nawapa kuku. Kitenge kile kilibaki kwangu. Nimekifua tope lote, nimekikunja, hakuna wa kukichukua. Nikisema kweli mbele ya wazee, nitakuwa mwongo wa msiba, na heshima ndiyo kitu pekee nilichobakiwa nacho humu ndani. Nikinyamaza, jina la binti halitasomwa.

Msiniandikie habari ya kuomba msamaha, hiyo naijua bila gazeti. Niambieni hili, wenye akili na wenye wakwe: hati ataitoa mkubwa wa wilaya, lakini ndaga ya marehemu ninayo mimi, nimeikalia. Neno lililochelewa hivi hufikishwaje? Nimngoje mtendaji apite na karatasi yake, au nikichukue kitenge nikagonge mlango wa binti kwanza? Na akiuliza kwa nini mzee hakumwita, nimjibu nini?