Bei ya Saa ya Risasi

Wakati wa vita, risasi zikianza kulia milimani, wauza ndagala wa soko la Jabe walishusha bei ili wamalize samaki zao haraka wakimbie nyumbani. Nilipogundua hivyo, nikawa nangoja zilie ndipo nibebe kikapu. Kusema haki, hata wao walipandisha bei barabara zikifungwa.

Siku moja nilipata wageni, nikaenda kukiwa kimya.

“Eh, mama!” muuzaji wangu akacheka. “Leo masasi hayajalia bado, mbona umewahi?”

Wenzake wote wakaangua kicheko. Kumbe walinijua. Nililipa bei yote bila kubishana. Akaniongezea kiganja kizima, matabishi, nyongeza ya bure ya mteja wa siku zote, na sikuweza kumtazama usoni.